Pesa Zetu Zinajenga, Nyumba Zinauzwa



Toeni karatasi ya mshahara wa mwezi uliopita mtazame mstari wa ushuru wa nyumba. Mtu wa shilingi 30,000 amekatwa 450, yaani asilimia 1.5, na mwajiri ameongeza 450 nyingine. Kwa mwaka ni 10,800. Makato haya yalianza 2023. Novemba mwaka ule Mahakama Kuu ikasema si halali, Bunge likatunga sheria mpya, ikatiwa sahihi Machi 2024, na tukaendelea kukatwa.

Mimi sina ugomvi na kujenga nyumba. Mimi ni fundi wa njia ya reli, na nakaa gorofa ya sita huko Pipeline, hapa Nairobi. Lifti hakuna. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na hupandishwa kwa mgongo, na mke wangu anayajua madaraja yale kuliko mimi ninavyoijua mitaruma. Mchana twawasha taa, kwa sababu ukuta wa jirani uko karibu hata naweza kumpokeza kiberiti dirishani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga nyumba bora.

Ninalopinga ni hili: wote tunakatwa, halafu nyumba wanauziwa wachache. Aliyepata, amepata. Aliyekosa hukatwa tena mwisho wa mwezi.

Wakubwa hupenda kututajia Singapore. Vema, tuitaje sawasawa. Bodi ya nyumba ya kule iliundwa 1960, na leo watu kama 80 katika kila 100 wanakaa katika gorofa zake. Lakini mfanya kazi wa kule hununua kwa akiba yake, iliyowekwa kwa jina lake mwenyewe. Ushuru wetu hauwekwi kwa jina la mtu. Ukistaafu bila nyumba, huna pa kwenda kuudai.

Wazee wengine wa reli watasema, turudishieni Landhies. La! Mkoloni alimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa bachela, akampa chumba kimoja, mke abaki rizavu. Hata kamati ya Carpenter mwaka 1954 ilikiri kwamba mshahara lazima utoshe mtu na jamaa yake. Tena nyumba ya kazi ina ufunguo mkononi mwa mwajiri: ukigoma, ukizeeka, unatoka. Mmesahau Muthurwa? Mwaka 2010 wapangaji, wakiwamo wazee wa reli, walitakiwa kuhama. Ilibidi waende mahakamani, na ni Agosti 2013 tu ndipo Mahakama Kuu iliposema haki yao ya makazi ilivunjwa.

Basi nataka nini? Nataka gorofa zilizojengwa kwa ushuru wetu zipangishwe, zisiuzwe. Kodi ifuate mshahara wa mtu, asiyepata 20,000 alipe kidogo, na mpangaji asifukuzwe kwa kuwa amebadili kazi. Akihama aingie mwingine aliyekatwa kama yeye. Nyumba moja itatumikia jamaa nne au tano kabla kuta zake hazijachakaa.

Ndugu mmoja katika gangi yetu ameniambia kuwa nyumba yako mwenyewe ni heshima. Ni kweli, na simlaumu. Lakini heshima hiyo ailipie kwa pesa zake, si kwa 450 za kuli asiyejua kama jina lake litatokea. Sheria yasema mnunuzi asiuze bila ruhusa ya Bodi. Ruhusa ni karatasi, na karatasi katika mji huu tumeona jinsi zinavyopatikana. Mwenye plot za Pipeline akizinunua nyumba hizo kumi kumi, tutarudi kumlipa kodi yeye yule.

Katika mkutano wa tawi nitaleta shauri hili lipigiwe kura: chama chetu kidai orodha ya waliopewa nyumba ibandikwe wazi katika kila mtaa, na nusu ya gorofa mpya ziwe za kupanga. Anayenipinga aje na sababu zake. Aje pia na karatasi yake ya mshahara.

Fundi wa Njia