Gari Halitibu Mtu

Diwani mmoja alikuwa anakabidhi gari la wagonjwa kwenye kituo cha afya. Akasimama kifua mbele: "Gari hili hapa, na dereva ana mguu mwepesi. Sasa mnataka nini tena?" Watu wakapiga makofi. Mimi damu ilinichemka.

Tunataka mtu wa kukaa nyuma na mgonjwa! Imani kwamba huduma ya dharura ni gari na mwendo imeshatuzikia watu wa kutosha. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Dereva gani atatoka Chalinze akafika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa dakika 6? Gari bila mtaalamu ni machela yenye injini.

Ninayemtaka si daktari, wala si mbeba machela. Ni mhudumu wa dharura wa ngazi ya kati, aliyesomea kazi hiyo kwa miezi, si kwa semina ya siku mbili yenye posho. Anajua kufungua njia ya hewa, kuzuia damu na kuweka dripu. Aliyezimia kwa kushuka kwa sukari anamtia sukari ya mshipani. Aliyeumwa na nyuki koo likaanza kuziba anamchoma adrenalini. Mambo haya hayangoji geti la hospitali.

Wapo wanaolia kwamba vijana hao watajifanya madaktari. Hoja dhaifu kuliko zote! Zahanati zetu za vijijini zimebebwa miaka yote na matabibu na wauguzi, na wanaolia leo wengine walizaliwa mikononi mwao. Wanamwogopa kijana aliyefundishwa, ila majeruhi mwenye mguu uliovunjika akipakiwa mshikaki kwenye bodaboda, wanaona sawa tu.

Marekani nako waliugua ugonjwa huu wa kuamini gari peke yake. Katika miaka ya 1960, karibu nusu ya huduma zao za kubeba wagonjwa ziliendeshwa na wazika maiti, kwa magari yaleyale ya majeneza. Mwaka 1967 huko Pittsburgh ikaanzishwa huduma ya magari ya wagonjwa ya Freedom House. Daktari Peter Safar akawafundisha vijana weusi wasio na ajira, baadhi hawakuwa wamemaliza sekondari, kwa takriban saa 300. Vijana hao wakawa mfano wa huduma ya dharura ya nchi nzima. Sisi vijana tunao, wamejaa vijiweni. Walimu tunao pia: Muhimbili imekuwa na idara kamili ya tiba ya dharura tangu 2010.

Na huo mwendo wenyewe hukwama njiani na mlangoni. Tazama ving'ora! Vimetumika mno kuwapitisha wakubwa wanaowahi vikao, hata gari la mgonjwa likilia watu hawapishi. Majeruhi akifika hospitali, bado yupo wa kumwuliza fomu ya polisi ya PF3 iko wapi, damu inamwagika sakafuni.

Mpango wa m-mama wa kusafirisha wajawazito kwa dharura, na namba yake 115, umewafikisha kinamama wengi hospitalini, na naupongeza. Lakini mama anayevuja damu anahitaji tiba njiani, si kufika tu.

Basi halmashauri isipitishe tena bajeti ya gari bila ada za mafunzo na mishahara ya wahudumu wawili wa dharura. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, wasomesheni watu kwanza. Mtu aliyefundishwa ataokoa maisha hata kando ya barabara. Gari tupu litawahisha maiti.