Sanduku la Bibi Harusi na Herufi Mbili za Kifaransa

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, lakini riziki imenileta Ziwa, kaskazini ya Eldoret, katika njia ya kwenda Kitale. Huku ni mahindi, maziwa, na baridi ya alfajiri inayomfanya mtu wa pwani atawadhe kwa haraka. Nina duka dogo la nguo. Nauza blanketi, sare za shule, na leso kutoka Mombasa, ambazo akina mama wa huku wazipenda sana kwa kubebea watoto.

Juzijuzi binti yangu aliposwa. Mposaji ni kijana wa Kisauni, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye adabu nyingi na mshahara wa mwalimu. Mahari yalikubaliwa bila ya maneno. Maneno yalikuja katika sanduku. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa sanduku la bibi harusi: nguo, viatu, manukato, udi, na kila ambacho mume ataka kumwonyesha mkewe kwamba amemthamini. Orodha iliandikwa na binti mwenyewe akisaidiwa na khalati yake, na mstari wa saba ulisema hivi: mkoba wa Louis Vuitton, usiwe wa bandia.

Mkoba kama huo, ukiwa ni wenyewe hasa, aghalabu hupita shilingi laki mbili za Kenya. Kijana hakukataa. Aliniambia kwa simu, "Inshallah baba, nitakopa." Neno hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nilimwuliza binti yangu, huyo Louis Vuitton ni nani? Akacheka. Akasema ni jina tu, baba. La, si jina tu. Alikuwa mtu, tena maskini kuliko huyu mwalimu. Alizaliwa mwaka wa 1821 katika kijiji cha Anchay, milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa. Mamake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alitoroka nyumbani akashika njia ya Paris kwa miguu, mwendo wa kilomita zaidi ya 400, akifanya vibarua njiani ili apate chakula. Alifika mwaka wa 1837, akaingia uanagenzi kwa fundi wa makasha. Kazi yake ilikuwa kuunda masanduku na kuwafungia matajiri nguo zao wanaposafiri. Kwa kazi hiyo akafika hadi kumhudumia Eugénie, mke wa mfalme Napoleon wa tatu. Mwaka wa 1854 alifungua duka lake mwenyewe.

Jambo lililomtajirisha lilikuwa kifuniko. Masanduku ya safari ya Ulaya wakati huo yalikuwa na mgongo wa mviringo ili maji ya mvua yateremke. Mwaka wa 1858 Vuitton alitoa sanduku lenye kifuniko bapa, limevikwa turubai isiyopenya maji. Ulikuwa wakati wa magari ya moshi na meli za mvuke, na sanduku bapa lapangwa juu ya jingine bila ya kuanguka. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kasha la nyanya yangu, la mbao nzito na misumari ya shaba, lenye kifuniko bapa tangu kuundwa kwake. Sisi watoto tulikaa juu yake tukila mahamri. Hakuna aliyetuambia kwamba tumekalia uvumbuzi.

Basi sanduku la mfaransa likaigwa. Kila fundi akawa na lake. Nyumba ya Vuitton ikabadilisha turubai mara kwa mara kuwakimbia waigaji, hata mwaka wa 1896, yeye akiwa amekwisha kufariki miaka minne, mwanawe Georges akachora zile herufi mbili, L na V, pamoja na maua. Herufi hizo zilitiwa ili kuzuia bandia. Leo siku ya soko hapa Ziwa utaiona mikoba yenye herufi hizo hizo imetandazwa juu ya turubai, kati ya viazi na viatu vya mpira, kwa shilingi mia sita. Pengine hakuna alama duniani iliyoigwa kuliko ile iliyowekwa ili isiigwe.

Sasa nitoe yaliyomo moyoni. Simlaumu Vuitton. Mtu aliyetembea mpaka Paris akala jasho lake anastahili heshima. Linaloniudhi ni kwamba binti yangu, aliyelelewa katika duka la leso, ajua herufi za mfaransa na hajui zilizoandikwa ukingoni mwa leso anayojifunga kila siku. Nilimfunulia moja. Pindo, mji, jina, na pembeni kwa herufi ndogo: Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka wa 1887. Hesabu mwenyewe: nyumba hiyo ilikuwepo miaka tisa kabla ya zile herufi za Georges kuchorwa. Na duka bado liko katika Barabara ya Biashara, wapita mbele yake ukienda kununua sukari.

Leso nayo ina hadithi ya werevu. Wanawake wa pwani walichukua vitambaa vya mkononi, vile Wareno walivyoviita lenço, wakavishona vitatu kwa vitatu hata ikapatikana nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara waliona, wakachapisha nguo nzima kwa mfano huo. Mitindo ilikuwa ya mabibi zetu, faida ikagawanywa Ulaya na Bara Hindi.

Mchezo huo haujaisha. Mwaka wa 2011 nyumba hiyo hiyo ya Vuitton ilionyesha Paris mavazi ya kiume yaliyofuata mistari ya shuka nyekundu ya Wamaasai. Kweli, shuka ya pamba nayo iliwafikia Wamaasai kwa biashara, kwani zamani walivaa ngozi. Lakini waliiva mpaka ikawa yao, na baadhi yao wameunda chama cha kudai haki ya jina lao. Nawaunga mkono.

Na sisi je? Hapa Eldoret kuna kiwanda cha Rivatex, kilichoanzishwa mwaka wa 1976. Kilifungwa, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka wa 2007, kikazinduliwa upya mwaka wa 2019. Wateja wangu wengi hawajapata kuuliza kitambaa chake, huuliza cha kutoka nje. Nami muuzaji, nakiri, nawaletea wanachouliza.

Nilimwambia binti yangu kwamba sitaki mkwe aanze ndoa kwa deni la mkoba, na kwamba dini yetu yapenda ndoa nyepesi. Khalati yake akanijibu kwamba mimi ni mwanamume, sijui aibu ya sanduku kufunguliwa mbele ya wanawake likakosa kitu. Hilo sikuweza kulikana. Nimeona sanduku likijadiliwa mwaka mzima baada ya harusi.

Siku ya tatu binti alikuja dukani peke yake. Alisema ataufuta mstari wa saba. Badala yake ataka kisutu doti tatu, leso za Mali ya Abdulla doti kumi na mbili, majina achague mwenyewe, na viingie vyote katika kasha la nyanya yangu. Nilifurahi mno, nikampigia mwalimu papo hapo.

Kasha lenyewe liko Mombasa kwa dada yangu mkubwa. Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza alisema ameweka vyombo ndani. Mara ya pili aliniuliza kwa nini watu wa bara wanalitaka kasha lake.