Houston: Kura Iliyotwaliwa kwa Jina la Watoto

Juni 2023 serikali ya jimbo la Texas iliipokonya mamlaka bodi ya shule za Houston, iliyochaguliwa na wananchi, ikateua wasimamizi tisa na mkuu mpya, Mike Miles. Hoja kuu ilikuwa Sekondari ya Wheatley, iliyofeli miaka mfululizo. Lakini mwaka 2022 Wheatley ilikwisha kupata daraja C! Mgonjwa kapata nafuu, ndipo mganga anachomoa kisu.

Kisha maktaba za shule kadhaa, nyingi katika mitaa ya maskini, zikageuzwa vyumba vya kuwapeleka wanafunzi watukutu. Mimi ni mwalimu. Sijapata kuona asiyejua kusoma akitibiwa kwa kuondolewa mkutubi. Watetezi hunionyesha alama zilizopanda. Zimepanda, sikatai. Zikishuka kesho, mzazi wa Houston atamwondoa nani, na kwa kura ipi?