Wingi wa Majina si Wingi wa Kinga: Migomba ya Kilimanjaro na Wajibu wa Shule Zetu

Mtu apandaye kutoka mjini Moshi kuelekea Uru, Kibosho au Marangu huiacha nyuma tambarare yenye mahindi na vumbi, na baada ya mwendo mfupi hujikuta kivulini. Juu yake iko miti mirefu. Chini ya miti iko migomba. Chini ya migomba iko mibuni. Na chini ya mibuni yako magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Hicho ndicho kihamba. Mwaka 2006 mtafiti Andreas Hemp alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa vihamba vya Kilimanjaro, akahesabu spishi zaidi ya 500 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, wilayani Moshi, katika orodha ya urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, yafaa tujihadhari na sifa, kwani mara nyingi humfanya mwenye nyumba asikague paa lake. Sisi watu wa mlimani tumezoea kujivunia aina nyingi za migomba tuliyorithi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba wingi huo ni wa namna mbili, kwamba tumezichanganya namna hizo, na kwamba kosa hilo laweza kutugharimu chakula.

Majina na Ukoo

Mwulize mama yeyote wa Rombo au Machame, naye atakutajia ndizi zake kama mwalimu aitavyo majina ya wanafunzi: mchare, kitarasa, ndizi ng'ombe, mkono wa tembo, kisukari, na nyingine nyingi. Kila moja ina kazi yake. Ipo ya mtori, ipo ya kiburu, ipo ya kuivisha na kuila mbivu, ipo ya kukausha na kusaga, ipo ya mbege. Tena ndani ya mchare peke yake wataalamu wameandika majina mengi: huti, ndyali, njuru, muraru, mchare laini, mchare mlelembo, na kadhalika. Mkulima huzitambua kwa rangi ya shina, kwa umbo la mkungu, kwa ulaini wa ndizi ikiisha kupikwa. Huo ni ujuzi wa kweli, na msomi audharauye hajui akisemacho.

Lakini sasa tuingie darasani. Mgomba wa shambani hauzai kwa mbegu. Ndizi hujaa nyama bila ua kupata chavua, nasi hupanda chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mama yake. Chipukizi hilo si mtoto kwa maana ya kawaida; ni mgomba uleule katika mwili mpya. Kama babu alipanda mchare miaka 80 iliyopita, na baba akahamisha chipukizi, na wewe ukahamisha jingine, basi mimea yote mitatu ina urithi mmoja, ila kwa mabadiliko madogo madogo yanayotokea katika jeni kwa nasibu. Badiliko moja laweza kugeuza rangi ya shina, jingine likafupisha mgomba. Mkulima mwenye jicho kali huliona badiliko hilo, hulipenda, hulitenga na kulipa jina. Hivyo majina huongezeka, na ukoo hubaki uleule.

Chembe ya mbegu ya mgomba ina kromosomu 11 katika kila seti. Ndizi nyingi tuzilazo zina seti tatu, yaani kromosomu 33, na ndiyo sababu moja ya ugumba wao. Mchare una seti mbili tu, kromosomu 22. Aina zote za mchare ni ndugu wa karibu mno. Kwa hiyo kihamba chenye majina 10 ya mchare hakina kinga kumi. Huenda kikawa na kinga moja iliyovaa mavazi kumi.

Linganisha na viazi vya milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako wakulima huhifadhi maelfu ya aina. Kiazi nacho hupandwa kwa kipande chake, lakini mimea mingi ya huko hutoa maua, huchavushwa na wadudu, huchanganyika na viazi mwitu vilivyo jirani, na kuzaa mbegu ambazo kila moja ni mchanganyiko mpya. Mkulima wa Andes hupata watoto wa kweli wa kuchagua. Kiazi hichohicho kilipopelekwa Ulaya, wakulima maskini wa Ireland walitegemea sana aina moja, iliyoitwa Lumper, wakiipanda kwa vipande mwaka hadi mwaka. Ugonjwa wa ukungu ulipofika mwaka 1845 haukukuta kizuizi. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa iliyofuata, na wengine wengi wakaihama nchi.

Adui Akaaye Udongoni

Mgomba nao una adui wa jinsi hiyo. Ni kuvu aitwaye fuzari, akaaye udongoni, aingiaye kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Majani huwa ya manjano kuanzia ya nje, hukunjika na kuning'inia kama sketi kuzunguka shina. Ukilikata shina waona madoa mekundu au ya kahawia. Hakuna dawa ya kumwondoa shambani, na huweza kuishi udongoni kwa miongo ya miaka bila mgomba. Ndiye aliyeangamiza mashamba makubwa ya ndizi ya Gros Michel huko Amerika ya Kati, hata kufikia miaka ya 1960 makampuni yakalazimika kuhamia ndizi za kundi la Cavendish.

Mnyauko huo wa aina ya kwanza hushambulia pia mchare wetu, na kisukari vilevile. Ndizi za jamii ya matoke za nyanda za Maziwa Makuu huustahimili. Hapa ndipo msomaji aonapo namna ya pili ya wingi, ile iliyo muhimu: si majina ndani ya ukoo mmoja, bali koo mbalimbali katika shamba moja. Kihamba cha zamani kilichochanganya mchare, matoke, mkono wa tembo na kitarasa hakikuweza kuanguka chote kwa pigo moja. Kihamba cha leo kilichojazwa aina mbili zipendwazo na wachuuzi chaweza.

Kisha kuna aina ya fuzari iliyo kali zaidi, iitwayo tropiki ya nne, ambayo huua hata Cavendish. Baada ya kuenea Asia, iligunduliwa Msumbiji mwaka 2013, nchi tunayopakana nayo, na mwaka 2019 ikathibitishwa Kolombia. Huenezwa na machipukizi, udongo ulioshika viatu na majembe, na maji ya mfereji. Mlimani kwetu, ambako zawadi ya kawaida kwa jirani ni chipukizi la mgomba, na ambako mfereji mmoja hunywesha vihamba vingi, hatuna budi kuyafikiri maneno hayo.

Niliyoyaona Ugenini

Nilipokuwa nikisomea udaktari wa falsafa Ubelgiji nilipata nafasi ya kuingia katika hifadhi ya kimataifa ya migomba iliyoko Leuven, iliyoanzishwa mwaka 1985. Humo zimo aina zaidi ya 1,500 za migomba kutoka pande zote za dunia, nyingi zikiwa miche midogo ndani ya chupa katika chumba cha baridi, nyingine zikiwa zimegandishwa katika naitrojeni kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika rafu moja nilisoma lebo iliyoandikwa Mshale. Nilisimama pale kitambo. Mtu fulani, zamani, aliuliza jina la ndizi ya kwetu, akasikia mchare, akaandika neno la upinde na mshale.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama alinipikia mtori, nami nikamsifu kwa mchare wake. Akaniambia, bila kusikitika sana, kwamba ndizi zile amezinunua soko la Kiborloni. Migomba yake ya mchare ilinyauka mmoja baada ya mwingine, naye alikuwa amepanda ndizi nyingine mahali pake. Nilifunga safari ya maelfu ya maili kuuona mgomba wa mama yangu ukiwa mzima ndani ya chupa, na nyumbani haupo.

Simwambii msomaji kisa hiki ili achukie hifadhi za nje. Nazishukuru. Tena wataalamu walipochunguza jeni za ndizi za dunia waligundua jambo la ajabu, lililochapishwa mwaka 2011: Cavendish na Gros Michel zilipata sehemu kubwa ya urithi wao kutoka ndizi za kundi la mlali, zinazopatikana Zanzibar, Komoro na Madagaska, ambazo ni jamaa wa karibu wa mchare. Ndizi iuzwayo katika maduka ya London ina damu moja na ndizi ya mtori. Lakini mche wa chupani haupambani na ugonjwa, haubadiliki, wala haumfundishi binti jinsi ya kuupika. Chupa huhifadhi jeni. Kihamba huhifadhi jeni pamoja na maarifa yake. Twahitaji vyote viwili.

Hoja Yangu

Wako wenzangu wasemao kwamba tusipoteze muda na ndizi za mababu: tulete aina mpya, zenye mikungu mikubwa, tung'oe za zamani. Wako na wengine wasemao kwamba kila chotara ni uharibifu wa mila. Naona wote wawili wamekosea.

Nawajibu wa kwanza kwa mfano wa zao walijualo vema, kahawa. Mibuni ya zamani ya mlimani, N39 na KP423, ilizaa kahawa nzuri lakini ilishindwa na chule buni na kutu ya majani. Mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyoko Lyamungu, ilitoa aina mpya zenye ukinzani. Ukinzani wa namna hiyo wafugaji wa mibuni huutafuta katika mimea kama Rume Sudan, buni kutoka Uwanda wa Boma huko Sudani Kusini, ambao hauzai sana wala usingependwa na mkulima yeyote kwa mavuno yake. Laiti ungeng'olewa kwa sababu hauna faida, faida hii isingepatikana. Nani basi awezaye leo kusema ni mgomba gani wa Kilimanjaro usio na kazi?

Wa pili nawajibu kwa bayolojia. Mchare hauwezi kujiokoa wenyewe, kwa kuwa hauzai watoto walio tofauti nao. Lazima mtu ausaidie: achukue chavua ya mgomba mwitu au mgomba bora wenye ukinzani, ampake ua la mchare alfajiri, afunike, angoje mkungu ukomae, kisha apekue ndizi moja moja akitafuta mbegu. Pengine atapata chache, pengine asipate hata moja. Nazo hukuzwa maabara kwani udongoni nyingi hazioti. Kazi hiyo, ambayo huchukua miaka 10 na zaidi, inafanyika jirani yetu Arusha, na mchare umo miongoni mwa ndizi zilizoshughulikiwa tangu mpango mkubwa wa mwaka 2014 ulipoanza. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha ndizi chotara nne, TARIBAN 1 hadi 4. Hizo ni za jamii ya matoke. Chotara wa mchare ampendezaye mpishi wa mtori ni jambo la kudaiwa, si la kuogopwa.

Nami nadai mambo mawili. Kwanza, mama apikaye awe na sauti katika uchaguzi tangu mwanzo, si mwishoni baada ya wataalamu kupima uzito wa mkungu. Chotara asiyelainika chunguni hatapandwa, hata awe na ukinzani wa namna gani. Pili, kila kata ya mlimani iwe na orodha ya migomba yake kwa ukoo na kwa jina, ili tujue ni kipi kinachopungua kabla hakijaisha.

Kazi kwa Walimu na Wanafunzi

Orodha hiyo haihitaji fedha nyingi. Shule ya sekondari yenye wanafunzi 400 kutoka vihamba 300 ni taasisi ya utafiti tayari. Kila mwanafunzi na aandike: mashina mangapi ya kila aina yaliyoko kwao; jina la kila aina kama litajwavyo na bibi au mama; matumizi yake; na aina ipi iliyokuwapo zamani ambayo sasa haipo, na ilitoweka lini. Darasani wapange majina kwa koo. Watagundua kwamba mgomba mmoja waitwa vingine Machame na vingine Rombo, na kwamba jina moja laweza kubeba migomba miwili. Hilo lenyewe ni somo la sayansi. Zoezi lirudiwe kila baada ya miaka mitatu.

Onyo moja: wanafunzi waandike tu, wasikusanye machipukizi. Chipukizi lionekanalo zima laweza kuwa limebeba fuzari, na bustani ya shule iliyojazwa machipukizi ya vihamba 300 itakuwa kituo cha kugawa ugonjwa. Atakaye kupanda atafute miche safi iliyokuzwa maabara.

Mama yangu bado ananunua mchare Kiborloni. Nilipomwuliza kama angepanda chotara wa mchare asiyenyauka, alitaka kwanza kujua kama ataiva pamoja na nyama au atachelewa. Swali hilo nimelipeleka kwa wenzangu wa maabara.