Mbio za magari Morogoro: Mazoezi kwanza au mashindano?

MJI wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, si mgeni wa mbio za magari. Mwaka 2024 ulipokea Mbio za Tanzania, mojawapo ya raundi za ubingwa wa Afrika. Swali lililobaki baada ya vumbi kutulia ni moja: kijana mwenye gari na hamu ya mwendo kasi aanzie wapi?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni siku ya mazoezi katika njia iliyofungwa, isiyo na mshindi wala kombe. Dereva hujifunza kukata kona, kushika breki na kulijua gari lake. Ya pili ni mashindano ya ridhaa, yanayodai leseni, msoma ramani, fremu ya chuma ndani ya gari, kofia ngumu na kizima moto.

Tatizo letu ni kwamba ya pili ipo, ya kwanza ni adimu. Asiyemudu gharama za mashindano hushawishika kujaribu ubingwa wake katika barabara kuu, kati ya mabasi na malori. Hapo anayeumia si yeye peke yake.

AAT, chama kinachosimamia mchezo huu nchini, hakina haja ya kusubiri uwanja wa mabilioni. Barabara za vumbi za mashamba ya mkonge, zikifungwa kwa siku moja, pakiwapo walimu na gari la wagonjwa, zinatosha kuanzia.

Mashindano humpima dereva, hayamfundishi. Anayepimwa kabla ya kufundishwa huhatarisha maisha yake, na ya watazamaji pia.