Simu isiyoshika nyumbani nayo ni dalili ya hatari

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaaga wajawazito kliniki kwa maneno yaleyale: "Mama, ukiona damu, kichwa kikikuuma sana, ukiona ukungu machoni au mtoto akipunguza kucheza, piga simu mara moja." Nilidhani hapo nimemaliza kazi yangu.

Kisha alfajiri moja akaletwa mama kutoka kijiji cha milimani. Alikuwa akivuja damu tangu saa nne usiku. Nilimuuliza mumewe kwa ukali, ukali ambao leo naonea aibu, kwa nini hakupiga simu mapema. Akanijibu kwa upole: "Daktari, kwetu simu inashika kule juu tu, kwenye jiwe nyuma ya shule. Nilipanda na tochi. Dereva nilimpata saa nane." Mama tulimwokoa. Mtoto tulimkosa.

Tangu siku hiyo nimeongeza swali moja kliniki: "Nyumbani kwako simu inashika wapi?" Naamini kila mhudumu wa afya vijijini anapaswa kuliuliza, na jibu liingie kwenye mpango wa kujifungua pamoja na jina la msindikizaji na nauli.

Wengi huona mtandao wa simu kuwa jambo la biashara au la starehe. Mimi naona ni huduma ya afya kama barabara. Tanzania tuna mfumo wa m-mama: mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, unapiga 115 bila malipo, na anayepokea anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Wizara ya Afya nayo ina namba ya bure ya ushauri, 199. Ni huduma nzuri, lakini hazimfikii mtu ambaye simu yake imeandika "hakuna huduma".

Mnara usipokuwapo karibu, bado kuna mambo unayoweza kuyafanya leo:

Kwanza, tafuta mahali panaposhika mchana, usisubiri usiku wa dharura. Toka nje, maana bati na kuta nene hupunguza mawimbi. Jaribu upande wa mwinuko. Ukipapata, waonyeshe wote nyumbani, hata watoto wakubwa.

Pili, uliza majirani laini zao ni za kampuni gani na zipi zinashika. Kuwa na laini mbili za kampuni tofauti si anasa kwa nyumba yenye mjamzito au mtoto mdogo.

Tatu, tunza chaji. Simu inayotafuta mtandao bila kuupata humaliza betri haraka. Simu ndogo ya vitufe hukaa na chaji siku nyingi. Iweke moja kwa ajili ya dharura.

Nne, simu isipotoka, tuma ujumbe mfupi. Mara nyingi ujumbe hupita pale ambapo sauti inakatika. Andika jina, kijiji na tatizo.

Tano, kama kwako hapashiki kabisa, usikae kusubiri uchungu. Zungumza na mkunga kuhusu kusogea karibu na kituo wiki za mwisho, na patana mapema na mwenye bodaboda au gari.

Na wewe mzazi, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, usipoteze muda kutafuta mtandao ukiwa umekaa. Anza safari ya kwenda kituoni, mtu mwingine apige simu njiani.

Lakini si haki kumwachia mama mzigo huu peke yake. Mwezi Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Ulizeni kama kata yenu imo. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu; fanyeni suala la mtandao kuwa ajenda, andikeni vitongoji visivyoshika, na muhtasari ufike kwa diwani na kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mnara ukiwapo lakini unazimika kila jioni, lalamikeni kwa kampuni husika, na msiposikilizwa nendeni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Nasi wa vituo vya afya tuwape viongozi orodha ya wagonjwa waliochelewa kwa sababu hiyo, bila majina yao. Hoja yenye idadi husikilizwa.

Yule baba alikuja tena kliniki na mkewe, mimba nyingine. Safari hii walihamia kwa shangazi karibu na kituo wiki tatu kabla. Mtoto amezaliwa salama. Lakini si kila mtu ana shangazi karibu na kituo.

Jioni hii, msomaji, toka nje na simu yako. Inashika wapi?