Anayemgeuza mzee kitandani naye afundishwe





Mimi ni mhudumu katika makazi ya wazee, mwaka wa tisa sasa. Siku niliyoanza nilikabidhiwa ndoo, glovu na vitanda vinane. Niliambiwa, "Wewe ni mama, umelea, utajua tu." Ni kweli nimelea watoto wawili. Lakini mtoto unambeba mkono mmoja huku unakoroga uji. Mzee aliyepooza upande mmoja habebeki hivyo.

Mwaka ule wa kwanza, bibi mmoja aliyepata kiharusi alianza kupata alama nyeusi juu kidogo ya makalio, ngozi ikiwa ya moto. Nikawa napasugua kwa mafuta asubuhi na jioni, nikiamini nasaidia damu itembee. Kumbe kusugua kulikuwa kunaimaliza ngozi. Kidonda kikachimbika. Alipolazwa, muuguzi wa zamu ya usiku alinishika mikono akanionyesha: mkunje goti, mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, mvute aje upande wako. Kumsogeza, tumia shuka iliyokunjwa chini yake, usimburute, maana kuburuta kunachuna. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku. Ilichukua robo saa. Bibi hakupona, na mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama robo saa ile ningeipata siku ya kwanza.

Tumewahi kuitwa semina, siku mbili ukumbini. Tulisomewa haki za wazee zilizomulikwa ukutani, tukasaini fomu ya posho, tukapewa vyeti vya ushiriki. Haki za wazee ni jambo kubwa, silipingi. Lakini hapakuwa na kitanda ukumbini. Tuliporudi kazini, wenzangu waliendelea kuwalisha waliopata kiharusi wakiwa wamelala chali, kama tulivyofanya siku zote. Kiharusi huweza kuharibu hata kumeza. Mzee anapaliwa, chakula kinaingia njia ya hewa, baada ya siku chache ana nimonia, na sisi tunasema amepigwa na baridi.

Siwalaumu wenzangu. Mtu hawezi kulijua asiloonyeshwa.

Nchi hii ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba waliofikisha miaka 60 na kuendelea ni zaidi ya milioni 3. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama inasomesha hata shahada, na maafisa ustawi waliopita pale nawaheshimu, wana eneo kubwa na usafiri wa shida. Ila afisa hakeshi na mzee. Anayekesha ni mhudumu wa darasa la saba kama mimi, ambaye bila cheti cha kidato cha nne chuo hakimpokei. Na majumbani ndiko kugumu zaidi: binti ameletwa kutoka kijijini kupika na kufua, babu akiugua, binti huyo huyo ndiye anayemwogesha na kumbadilisha pampasi, hajui hata aanzie wapi.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaofundishwa miezi sita. Nilifurahi sana. Sisi hata miezi sita hatuombi. Tupeni wiki mbili katika hospitali ya wilaya, kitandani, na muuguzi wa kutushika mikono kama nilivyoshikwa mimi. Tufundishwe kwa Kiswahili, kwa vitendo, na asiyejua kusoma vizuri asiachwe nje. Kisha mtu asikabidhiwe mzee kabla ya kupita hapo. Naomba wizara inayohusika na ustawi wa jamii pamoja na halmashauri zilitazame hili kwenye bajeti zao.

Wiki iliyopita tumempokea babu mmoja, na mhudumu wake ameanza kazi Jumatatu. Ya shuka na mito nimemwonyesha mwenyewe. Lakini babu ana mpira wa mkojo, na usafi wake mimi sikufundishwa. Nimeogopa kumfundisha makosa.

Mhudumu wa wazee,
Morogoro